Bingwa Ndiye Apewe Nafasi ya Chale

Jumapili alasiri, magari yakishapungua katikati ya jiji la Nairobi, Sunken Car Park hugeuka uwanja wa viatu vya magurudumu. Vijana hufika na mabegi mgongoni, wakaketi kwenye ukingo wa saruji na kufunga kamba hadi juu ya kifundo cha mguu, kisha wakaingia kwenye lami. Eneo lenyewe liko chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo wapita njia husimama juu na kutazama kama walio kwenye roshani ya ukumbi. Mwanagenzi akiachia mkono wa mwenzake na kuanguka kwa kishindo, watazamaji hucheka mara moja kisha hunyamaza, maana wamemwonea huruma. Lakini mtelezi mzoefu akijifanya breki zimekataa, akapepea mikono, akaanza kurudi kinyumenyume huku miguu inakimbia na mwili hauendi popote, kicheko hakikatiki mpaka yeye mwenyewe aamue kukikata.

Mtu wa kwanza kaanguka kwa ajali. Wa pili yuko kazini, na kazi yake ni ngumu kuliko ya wote waliopo hapo chini.

Jambo hili halijaeleweka vizuri miongoni mwa wanaopanga maonyesho jijini. Iwe ni shuleni, kanisani, kwenye ukumbi wa jamii au kwenye maduka makubwa ya Westlands wakati wa Krismasi, mara nyingi nafasi ya kuchekesha hupewa aliyebaki. Mwenye mwili mwepesi huchukua densi, mwenye sauti huchukua wimbo, na yule asiyejulikana atawekwa wapi hupewa kofia kubwa, suruali pana na agizo la maneno matatu: wewe chekesha tu. Kwenye jukwaa la kawaida, kosa hilo huishia kwenye kichekesho kisichochekesha. Kwenye magurudumu au barafu, huishia kwa mkono uliovunjika. Uhusika wa kuchekesha katika onyesho la kuteleza unastahili bingwa wa kikundi, na Nairobi ni jiji lenye kila kitu kinachohitajika ili uchezwe inavyopasa.

Wenye kazi hii walilijua hilo zamani. Charlie Chaplin, kabla hajawa nyota wa sinema, alikuwa katika kikundi cha Fred Karno huko Uingereza, kikundi kilichokuwa na mchezo mzima wa jukwaani uliochezwa kwa viatu vya magurudumu. Alipotengeneza filamu ya The Rink mwaka 1916, alijipa uhusika wa mhudumu wa hoteli ambaye mapumziko yake ya mchana huyamalizia kwenye uwanja wa kuteleza. Ukiitazama leo utaona kwamba wanaoanguka ovyo ni wale wengine, na yeye anapita katikati yao kwa madaha, anazunguka kwa mguu mmoja, anayumba hadi ukingoni mwa anguko na kurudi. Miaka 20 baadaye, katika Modern Times, akawa mlinzi wa usiku wa duka kubwa, anateleza huku amefungwa kitambaa machoni pembeni ya sakafu isiyo na kizuizi. Shimo lile lilikuwa picha iliyochorwa kwenye kioo mbele ya kamera, lakini miguu haikuwa na hila yoyote. Asingekuwa mtelezi hodari, tukio lile lisingekuwapo.

Barafuni mambo ni yale yale. Kurt Browning wa Kanada ndiye mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa ameruka mizunguko minne hewani katika mashindano, huko Budapest mwaka 1988, akawa bingwa wa dunia mara 4, kisha katika maonyesho akapendwa kwa vichekesho na kwa uhusika wa chale. Scott Hamilton wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na baadaye akawachekesha watu kwa miaka mingi, akitia na pindu ya kinyumenyume ambayo sheria za mashindano ziliikataza hadi 2024. Evgeni Plushenko wa Urusi, mwaka ule ule wa 2001 alioshinda ubingwa wa dunia, aliingia barafuni amevaa vazi la misuli ya bandia na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa kazi ya kuchekesha kwa sababu hakuwa na nyingine.

Lakini aliyeipa kazi hii maisha yake yote ni Werner Groebli, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1915. Alianza kama mtelezi wa mashindano, akawa bingwa wa vijana wa nchi yake, kisha akaungana na rafiki yake Hans Mauch, wakajiita Frick na Frack. Mwaka 1939 walijiunga na Ice Follies, kampuni ya Marekani ya maonyesho ya barafuni. Mtindo uliompa Groebli jina ni huu: anateleza miguu imetanuka, visigino vikitazamana na vidole vikielekea kila kimoja upande wake. Anapinda magoti, kisha analaza kiwiliwili nyuma taratibu, chini zaidi, chini zaidi, mpaka mgongo unakaribia kulingana na barafu. Kila aliyeketi anangoja kishindo. Hakiji. Anazunguka vivyo hivyo kwenye duara pana, uso umetulia kabisa, halafu anainuka bila kugusa chini. Mauch aliacha kazi miaka ya 1950 kwa sababu ya maradhi. Groebli akaendelea peke yake hadi 1980, akiwa amepita miaka 60, na alifariki mwaka 2008.

Miaka 40 ya kucheza mtu asiyeweza kuteleza! Kazi hiyo haifanywi na aliyebaki.

Kwa nini ni ngumu hivyo? Kwanza, anguko la kweli ni la haraka mno. Gurudumu likitoka chini ya mtu, anajikuta ameketi kabla hajajua kilichotokea, na aliyekuwa anatazama pembeni hakuona kitu. Kazi ya chale ni kulirefusha lile tukio dogo mpaka hata mtoto aliye safu ya nyuma aone linavyoanza, linavyoahirishwa na linavyofika. Ili alirefushe, lazima azuie uzito wake katika hali ambayo mwili wa kawaida ungekuwa umeshaachia. Nyonga iko nyuma, magoti yamepinda, mikono inazunguka, na chini kabisa vifundo vya miguu vinafanya marekebisho ambayo mtazamaji hayaoni. Viatu vyenye jozi mbili za magurudumu vina kizibo cha mpira mbele ya vidole. Mwanagenzi hujikwaa nacho, chale hukitumia kukimbia kwa vidole palepale alipo. Viatu vya barafu navyo vina meno mbele ya kisu, na hadithi yake ni hiyo hiyo.

Halafu kuna kutua. Mwenye kujua huketi kwanza hewani kabla hajafika chini, akatua kwa ubavu wa paja na tako, si kwa uti wa mgongo wala kwa kiganja cha mkono ulionyooka. Kidevu hukigandamiza kifuani ili kisogo kisigonge. Vidole huvikunja ndani ya ngumi, kwa sababu mwenzake anayekuja nyuma ana magurudumu 8 na hataweza kuvikwepa. Pumzi huitoa. Kasi aliyotua nayo haiachi ipotee bure, bali huitumia kujibiringisha na kusimama. Na hayo yote sharti yatokee pamoja na ngoma, maana chale akichelewa kidogo tu nyuma ya mdundo, ukumbi haucheki, unashtuka. Katika mashindano ya barafu, mtelezi akianguka hukatwa pointi na hadhira humpigia makofi ya kumpa moyo. Chale hana huruma ya namna hiyo ya kutegemea. Lazima aanguke barabara, kila usiku, mahali palepale.

Vazi nalo lina siri zake. Suruali ya chale inatakiwa ionekane ndefu kupita kiasi bila kuwa ndefu. Upindo ukigusa gurudumu, uzi huingia kwenye mhimili na mguu hukwama ghafla. Fundi cherehani anayejua kazi hukata mguu wa suruali juu ya kifundo, akakusanya kitambaa kiwe na mikunjo mingi hapo juu, kisha akatia lastiki inayopita chini ya kiatu, mbele ya magurudumu ya nyuma, ili nguo isipande wala isishuke. Kichwa cha sponji cha mnyama au mzee mwenye pua kubwa ni shida zaidi. Aliye ndani huchungulia kupitia mdomo wa kinyago, haoni miguu yake, haoni kushoto wala kulia, na jasho linamwingia machoni. Analijua jukwaa kwa kuhesabu hatua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya sponji hewa hiyo nyepesi huisha mapema. Asiye na mapafu ya mwanamichezo hafiki dakika ya 5.

Sasa jiji lina nini? Lina barafu, japo kidogo. Uwanja wa Solar ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ukiwa wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki. Ndiko walikotokea Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Kanada na kucheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini uwanja mmoja wa ndani ya hoteli hauwezi kuwa shule ya jiji zima, na kungoja barafu ni kujichelewesha. Magurudumu yapo, na lami ipo. Mjini Bochum, Ujerumani, mchezo wa kuimba wa Starlight Express umekuwa ukichezwa tangu 1988 katika ukumbi uliojengwa kwa ajili yake tu, waigizaji wote wakiwa juu ya magurudumu. Hawakuhitaji barafu hata tone.

Na ukitoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Waiyaki, ukipita Westlands, unafika Kangemi, na hapo hoja hii inapata makao yake. Mwaka 1994 mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, makao ya watoto waliokuwa wakiishi mitaani. Hakuanza kwa kuwapa watoto chakula na kitanda pekee. Aliwapa jukwaa: maigizo, ngoma, sarakasi. Yeye alikuwa mtu wa jukwaa na alijua mtoto aliyezoea kufukuzwa anabadilika vipi siku anapoona watu wameketi kumtazama. Wanjugu amekwisha kufariki, lakini makao yalibaki, na mwaka 2013 shirika la Kijerumani la skate-aid lilijenga hapo uwanja wa saruji wenye miteremko na mabonde kwa ajili ya mbao za magurudumu. Kwa hiyo Kangemi ina mahali ambapo mtoto mmoja anaweza asubuhi kujifunza kumwigiza chifu mlevi na jioni kujifunza kushuka mteremko wa saruji. Hakuna haja ya kutafuta wazo la kigeni. Vitu viwili vimeshakaa kwenye kiwanja kimoja. Kinachobaki ni kuvichanganya katika somo moja.

Ngara nako, ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka mjini, iko Sarakasi Dome, jengo lililokuwa sinema ya Shan, makao ya Sarakasi Trust iliyoanzishwa mwaka 2001. Wanasarakasi watano waliofunzwa huko ndio Black Blues Brothers, wanaozunguka Ulaya na onyesho la suti nyeusi, kofia na miwani, pindu juu ya pindu, vichekesho vimeshonewa katikati ya hatari. Walifika hadi tamasha la Edinburgh. Watazamaji wa huko hulipa kuwaona Wakenya wakichekesha kwa mwili, na inauma kwamba vijana wenye kipaji cha namna hiyo hupata mkataba wa Italia haraka kuliko wa Nairobi.

Upande wa uigizaji, nani atasema jiji hili limepungukiwa? Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza mzee wa Kijaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakasahau kwamba ule ni uhusika. Mwendo wake peke yake ulitosha. Kabla hajafungua mdomo, sebule ilishaanza kucheka. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimjenga Papa Shirandula, mlinzi anayemficha mkewe kazi anayoifanya, na sehemu kubwa ya ucheshi wake ilikuwa katika tumbo, shingo na macho. Watazamaji wa bara zima walimwona pia katika tangazo la soda, anatetemeka kwa baridi kwa mwili wake wote. Huo ni uchekeshaji wa viungo, na kwenye magurudumu viungo ndivyo kila kitu, kwa sababu maneno hayasikiki kukiwa na muziki na mngurumo wa lami.

Tatizo ni kwamba mtelezi na mwigizaji hawajawahi kukutanishwa. Mtelezi wa mjini anajua kisu, gurudumu na kasi, lakini anacheza huku uso umelala. Mwigizaji wa Kenya National Theatre anajua kungoja kicheko, anajua kutofautisha mzee wa miaka 60 na wa miaka 80 kwa bega tu, lakini hajawahi kuvaa kiatu cha magurudumu. Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walikabiliana na pengo lile lile. Walipokuwa wakitayarisha Barnum, densi ya barafuni yenye mandhari ya sarakasi, walimwendea Michael Crawford, mwigizaji aliyekuwa akimcheza Barnum jukwaani London, awafundishe kuigiza bila maneno: kutembea juu ya kamba isiyokuwapo, kurusha mipira isiyokuwapo. Walikuwa tayari mabingwa wa dunia, na bado wakakubali kuwa wanafunzi. Mwaka 1983 wakashinda tena.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa heshima. Baadhi ya watelezi wa Nairobi hawataki kabisa kusikia habari za vichekesho. Wanasema Mwafrika akionekana barafuni dunia inacheka kabla hajafanya lolote, na hawako tayari kuongeza kuni kwenye moto huo. Wana sababu. Philip Boit alipokwenda Nagano mwaka 1998, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja kwenye mstari amkumbatie. Lilikuwa tendo la utu, na Boit alilithamini hata akampa mwanawe jina la Dæhlie. Lakini magazeti mengi ya dunia yaliitumia habari ile kama kituko cha mtu wa jua aliyepotelea kwenye baridi. Boit hakwenda kuchekesha. Alikwenda kushindana, na akarudi tena kwenye Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Hofu hiyo, hata hivyo, inaelekeza kwenye jibu tofauti na wanalolitoa wenye pingamizi. Anayechekwa ni yule ambaye wengine wamemwamulia kwamba ni kichekesho. Anayechekesha ameamua mwenyewe lini kicheko kianze, na ili aamue lazima awe na uwezo usiotiliwa shaka. Mkenya anayeteleza vibaya kwa sababu hajui atachekwa tu. Mkenya anayeteleza vibaya kwa ufundi, kisha ghafla akaachia mizunguko mitatu safi na kurudi kwenye kuyumba kwake, amewashika watazamaji mkononi, wawe wa Kawangware au wa Kanada. Ndiyo maana kumpa asiyeweza nafasi hii ni hatari maradufu: anaumia yeye, na inaumia pia hadhi ya wote wanaoteleza.

Na wahusika wa kuigizwa wamejaa tele barabarani. Kondakta wa matatu anayening'inia mlangoni mguu mmoja hewani, ambaye tayari nusu ya mwendo wake ni kuteleza. Askari wa jengo la ghorofa aliyepewa kifaa cha kukagua mifuko na hajui kinalia kwa nini. Mama wa mboga wa Kangemi anayebishana bei huku toroli lake linaanza kuteremka peke yake. Huyu wa mwisho aigizwe na mwanamke, tafadhali. Kwa muda mrefu uchekeshaji wa kuteleza umechukuliwa kuwa kazi ya wanaume, na wasichana wakaachiwa urembo na mizunguko ya taratibu. Mary Khavere alishaonyesha katika Vitimbi kwamba Mama Kayai hakuwa mke wa kusindikiza vichekesho vya mumewe. Alikuwa na vyake. Mtelezi wa kike mwenye kasi na uso unaojua kusema ataleta kitu ambacho jiji halijakiona.

Lipo pia suala la fedha, na hapa lawama ni ya wenye maonyesho. Chale ndiye anayewaleta watoto, na watoto ndio wanaowaleta wazazi wenye tikiti. Lakini bajeti ikikatwa, wa kwanza kuambiwa aje kwa nauli tu ni yeye, kwa kisingizio kwamba anachofanya ni mchezo. Mzee Ojwang' alipougua macho miaka yake ya mwisho, Wakenya walilazimika kuchanga fedha za matibabu. Aliifurahisha nchi kwa miongo kadhaa, na alipofariki Julai 2015 kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake. Mtu anayeanguka kwa riziki anahitaji bima kuliko anayeimba, na anahitaji muda mrefu zaidi wa mazoezi kuliko anayecheza densi, kwa sababu kila kosa lake linampata mfupani.

Kwa anayetaka kuanza, kazi iko wazi. Tamasha la kitaifa la drama la shule hutoa kila mwaka vijana wanaojua kuchekesha. Walimu wao wawapeleke wachache kwa watelezi, na watelezi wapewe nafasi ya kuketi kwenye mazoezi ya waigizaji. Kumbi zilizopo zipimwe. Jukwaa la mbao lenye mwinamo halifai kwa magurudumu, ilhali sakafu tambarare ya ukumbi wa shule, au uwanja wa mpira wa kikapu wa Lavington au Kileleshwa, inafaa kabisa. Ununuzi wa kwanza uwe wa kofia ngumu, pedi za magoti na viwiko, na vilinda kifundo cha mkono, kabla ya taa na kabla ya mabango. Wiki za mwanzo zitumike kujifunza kuanguka: kwanza bila viatu juu ya godoro, halafu na viatu juu ya nyasi, halafu kwenye lami kwa mwendo wa polepole, na muziki uingie mwisho kabisa.

Kisha mwelekezi aite kikundi chote, awatazame wakiteleza mmoja mmoja, na yule aliyewashinda wenzake ndiye akabidhiwe suruali pana.